Udongo uliovaa majani hauruki



Tuanze na jambo ambalo kila nyumba ya Katuba inalijua. Ni mwezi wa nane, kipwa kimekauka kabisa. Asubuhi mama anafagia lupango, anapangusa meza, anafunika sahani. Saa sita upepo unapita. Saa saba, juu ya meza ile ile, mtoto anaweza kuandika jina lake kwa kidole. Mama anachukua tena kitambaa, anapangusa, ananyamaza. Atasema nini? Vumbi ni vumbi.

Ndugu, vumbi si moja. Liko vumbi la njia, linalokufanya ukohoe na upige chafya. Tena liko vumbi la udongo ulioharibiwa na kazi ya madini, ambalo ndani yake mna shaba, kobalti, risasi, kadimiamu na arseniki. Kwa macho hayaachani. Ndani ya mwili wa mtoto yanaachana.

Siku hii tutaongea juu ya udongo wenyewe: namna ulivyovuliwa nguo yake, na namna unavyoweza kuvikwa tena. Pengine utasema hiyo ni kazi ya watu wa misitu, ukurasa wa usalama na afya unatafuta nini huko? Soma mpaka mwisho, utaona.

Mtoto anauliza

Wengi mmeisikia nyumbani maongezi ya namna hii:

— Kambo, juu ya nini kule Penga Penga, ng'ambo ya shimine, kuna mahali majani hayaoti? Hapa kwetu yanaota hata katikati ya mawe.

— Mwinkulu wangu, udongo ule ulikula moshi miaka mingi.

— Lakini kambo, moshi si uliisha zamani?

— Moshi uliisha. Kile kilichoanguka chini hakikuisha.

Kambo amejibu vizuri kuliko vitabu vingine. Tumfuate hatua kwa hatua.

Kile kilichoanguka chini

Muji wetu ulianzishwa mwaka 1910. Mwaka uliofuata, 1911, kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Kiliendeshwa na Union Minière du Haut-Katanga mpaka mwisho wa mwaka 1966, kisha na shirika la serikali ambalo baadaye liliitwa Gécamines. Tanuru ziliwaka mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe: ni karibu miaka 80 ya moshi. Na ile shimine, dohani yenye urefu wa zaidi ya mita 150, ndiyo iliyoupeleka moshi huo mbali.

Ndani ya moshi mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni gazi ya sulfuri. Gazi hiyo ikikutana na maji ya mvua au umande inakuwa asidi. Cha pili ni vumbi laini la metali zilizokuwa ndani ya mawe ya madini. Kwetu upepo mwingi wa mwaka unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulikwenda kaskazini-magharibi, ukaanguka huko mwaka kwa mwaka. Penga Penga iko katika njia hiyo.

Udongo ulipigwa mara tatu.

Pigo la kwanza ni asidi. Iliunguza majani ya miti, ikaingia chini, ikaufanya udongo uwe mkali.

Pigo la pili ni shaba yenyewe. Katika udongo mzuri shaba nyingi inakaa imeshikwa, haitembei. Lakini udongo ukiwa na asidi, shaba inayeyuka katika maji ya udongo, na mzizi unaikunywa. Mzizi mchanga unaungua. Mbegu inaota, inatoa majani mawili, inakufa.

Pigo la tatu ni letu sisi watu. Miti iliyobaki ilikatwa kwa kuni na makala. Kisha masika yakaja juu ya udongo mtupu, maji yakachukua udongo mweusi wa juu, ule wenye chakula cha mimea, yakaacha ule mgumu wa chini.

Ndiyo sababu mahali pale hapakujiponya penyewe. Shamba lililoungua na moto linarudisha majani katika masika moja. Lakini metali haiozi wala haichoki. Shaba iliyoanguka mwaka 1930, kama haikuchukuliwa na maji au upepo, ipo pale pale leo.

Sisi wa Katuba tunahusika namna gani?

Mtu wa Katuba atasema: sisi tuko upande wa kusini, moshi ulikwenda ng'ambo ile. Ni kweli, Katuba haikuwa katika njia kubwa ya moshi. Lakini vumbi lina njia nyingine za kuingia kwetu, na hizo tunazifungua sisi wenyewe.

Njia ya kwanza ni nguo za kazi. Baba anatoka kiwandani au kwenye machimbo, anaingia nyumbani na viatu vyake, anambeba mtoto kabla ya kuoga.

Njia ya pili ni mawe na magunia. Kuna watu wanaoponda na kuosha madini ndani ya lupango, kando ya jiko. Kuna wengine wanaoleta mabaki meusi ya kiwanda wajazie shimo mbele ya mlango.

Njia ya tatu ni chakula. Lengalenga na matembele ya sokoni hayasemi yalilimwa wapi. Yakiota katika udongo wenye metali, metali inaingia ndani ya jani, mbali na vumbi linalokaa juu yake.

Njia ya nne ni upepo wa kipwa, unaozunguka muji wote.

Hii si hofu ya bure. Mwaka 2009 waganga na watafiti wa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wale waliokaa karibu na machimbo au viwanda, chini ya kilomita 3, walikuwa na arseniki, kadimiamu, kobalti, shaba, risasi na uraniamu zaidi kuliko watu wa mbali. Katika watoto kobalti ilikuwa juu zaidi.  Watoto wanacheza chini, wanatia vidole mdomoni, wanakula kile tunachokula wote. Basi.

Sasa unaona kwa nini udongo mtupu ni jambo la ukurasa huu. Mfanyakazi tunampa kofia, miwani na viatu vya chuma. Mtoto wa miaka 3 anayecheza chini tunamvika nini? Kinga yake ni udongo usioruka. Na udongo usioruka ni udongo uliovaa majani.

Majani yanayoijua shaba

Tupande nini basi mahali ambapo kila kitu kinakufa? Jibu liko katika milima yetu wenyewe.

Kabla ya viwanda, kabla ya wazungu, Katanga ilikuwa na vilima vya shaba. Miti haikupenda kuota juu yake, lakini majani na maua fulani yalizoea. Wazee waliotafuta madini waliyajua. Watu wa elimu wamehesabu aina za mimea karibu 600 juu ya vilima hivyo, na zaidi ya 30 kati yake hazipatikani mahali pengine popote duniani. Moja, Haumaniastrum katangense, inapenda udongo wenye shaba hata watafiti wa mambo ya kale waliifuata ili kupata mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba na kutengeneza misalaba ya biashara. Moto ulizimika zamani sana, ua likabaki kuonyesha mahali.

Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakajiuliza: kama mimea hiyo inaishi juu ya shaba kwa mapenzi yake, haiwezi kuvika udongo tulioharibu sisi? Walichukua majani ya aina 3 ya inchi yetu. La kwanza ni Microchloa altera, jani fupi la vilima vya shaba, ambalo vitabu vingine vinaliita Rendlia altera. La pili ni Monocymbium ceresiiforme. La tatu ni Cynodon dactylon, yaani ukoka, ambao kila mtu anaujua. Walitengeneza viwanja, wakavitia shaba kwa makusudi, gramu 2.5 kwa kila kilo ya udongo. Sehemu nyingine waliziacha hivyo, nyingine wakazitia mbolea ya malundo, nyingine chokaa. Wakangoja miaka 2. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010.

Microchloa ilishinda. Hata mahali pasipotiwa kitu, ndiyo iliyobaki hai kuliko mengine. Monocymbium iliifuata. Ukoka haukuweza peke yake, ulihitaji chokaa ndipo uishi. Chokaa ilisaidia kwa namna mbili: majani yalizaa mbegu zaidi, na shaba iliyoingia ndani ya majani ilipungua kuliko mahali pa mbolea.

Sababu ni rahisi. Chokaa inaua ukali wa asidi. Ukali ukipungua, shaba inashikwa tena na udongo, haitembei katika maji, na mzizi unapumua.

Baada ya hapo kazi ilihamia Penga Penga kwenyewe, juu ya udongo ulioharibiwa kweli na moshi wa kiwanda. Microchloa ilipandwa na kufuatwa miaka 3, na habari yake ikatangazwa mwaka 2015. Kwa hiyo mambo haya si ndoto. Yamefanyika ndani ya muji wetu.

Tusidanganyane

Majani haya hayaondoi shaba. Yanaifunika na kuishika. Mizizi inafunga udongo, upepo haubebi, mvua haichukui kwenda mtoni. Chini, metali bado ipo. Ni kama kidonda kilichofungwa vizuri: kinapona kama hukifunui kila siku.

Kwa hiyo mahali palipovikwa majani ya namna hiyo si shamba la mihogo. Si mahali pa kuchuma mboga, wala pa kukata majani ya sungura na mbuzi. Mtu akipita na jembe, kazi ya miaka 3 inaharibika kwa asubuhi moja. Akipita na kiberiti mwezi wa tisa, ni vilevile.

Tena ni kazi nzito. Katika viwanja vile walitia mbolea kilo 4.5, au chokaa gramu 200, kwa kila mita moja ya mraba. Inaonekana ni kidogo. Lakini kwa hektari moja mbolea hiyo ni tani 45, na chokaa ni tani 2. Ndiyo maana ni heri kutafuta jani linalohitaji msaada mdogo. Na ndiyo maana vilima vya shaba vilivyobaki ni mali: ndivyo ghala ya mbegu zetu. Tukichimba vyote bila kuhifadhi mimea yake, siku ya kuvika udongo tutakosa nguo.

Wengine walifanya namna gani?

Huko Sudbury, katika Kanada, walikuwa na taabu kama yetu kabisa: mawe yenye sulfuri, shaba na nikeli, moshi wa miaka mingi, milima iliyobaki myeusi. Mwaka 1978 walianza kazi ya kurudisha majani. Hawakuwa na uchawi. Vijana na watu waliokosa kazi walibeba magunia ya chokaa, wakaimwaga kwa mkono juu ya milima, kisha wakapanda mbegu za majani, kisha miti. Mpaka leo wamekwisha kupanda miti zaidi ya milioni 10, na kazi inaendelea. Chokaa kwanza, majani pili, miti tatu. Njia ni ile ile.

Karibu zaidi nasi, huko Bamburi kando ya Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya chokaa, kikaacha mashimo makubwa meupe. Mwaka 1971 bwana shamba René Haller alijaribu miti ya aina 26 ndani yake. Zilizoishi ni aina 3 tu, na mvinje ndio uliofaulu kuliko yote. Majani yake makavu yalianguka bila kuoza, mpaka walipoleta majongoo wakayatafuna, na udongo mweusi ukaanza kuzaliwa. Leo pale ni msitu unaoitwa Haller Park, na watu wanalipa kuingia.

Mombasa udongo ulikuwa na njaa. Kwetu udongo una njaa na sumu pamoja. Kwa hiyo hatuwezi kuiga kila kitu chao. Lakini somo moja ni letu wote: walijaribu kidogo kidogo, wakaacha kilichokufa, wakafuata kilichoishi.

Kazi inaanza kabla ya kuchimba

Ndugu mfanyakazi, haya si ya watu wa chuo tu. Wewe uliye juu ya katapila, wewe kiongozi wa timu, kazi iko mikononi mwenu tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kufungua machimbo, udongo mweusi wa juu unatolewa na kuwekwa peke yake. Ndani yake mna mbegu, mizizi na wadudu wadogo wanaolisha mimea. Ukiuchanganya na mawe ya chini, umeutupa. Ukiulundika juu sana kwa miaka, unakufa kwa kukosa hewa. Malundo yawe mafupi, yafunikwe majani, yawekewe alama ili mtu wa zamu nyingine asimwage mawe juu yake. Dakika 10 za kuuliza zinaokoa miaka 10 ya kutengeneza.

Sheria nayo inasema hivyo. Kanuni ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inalazimisha mwenye machimbo kuonyesha namna atakavyotengeneza ardhi, na kuweka dhamana ya fedha kwa kazi hiyo. Lakini sheria ilikuja miaka 90 baada ya moshi wa kwanza. Ardhi ya zamani inangoja mikono yetu.

Katika lupango lako

Mama, tunajua mila ya usafi wetu: lupango linafagiliwa mpaka udongo unang'aa, ili nyoka asijifiche na jirani asiseme. Hatukulaumu. Lakini udongo uliofagiwa kila siku ndio unaoruka kwanza. Fanya hivi:

1. Mahali watoto wanapocheza, acha ukoka uote, uukate uwe mfupi. Nyoka hapendi majani mafupi, na vumbi halipiti.

2. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Ndani ya nyumba pangusa kwa kitambaa chenye maji.

3. Nguo za kazi zibaki kazini. Kama haiwezekani, zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Baba aoge kwanza, kisha ambebe mtoto.

4. Usiponde madini nyumbani. Usilete mabaki ya kiwanda kujazia lupango.

5. Usilime chakula kando ya malundo ya mabaki wala mahali ambapo majani yamekataa kuota. Mahali majani yanakataa, mboga isiingie.

6. Osha mboga mara mbili kwa maji safi. Maji yanaondoa vumbi la juu. Kile kilichoingia ndani ya jani hayakiondoi. Kwa hiyo jua mboga yako inatoka wapi.

7. Mikono ya mtoto ioshwe kabla ya bukari, kila mara.

8. Ukiona mahali palipopandwa majani, usipite na jembe, usipite na moto. Waambie na wengine.

Siku nyingine mtoto akimwuliza kambo yake juu ya nini kule hapaoti kitu, kambo atakuwa na neno la kuongeza. Atasema: udongo ule ulikula moshi, lakini liko jani dogo la vilima vyetu linaloweza kuishi pale, tukiliacha liishi.

Vumbi lililo juu ya meza yako leo lilikuwa chini mahali fulani jana, bila nguo. Udongo uliovaa majani hauruki. Tuuvike.